Jirani wa Uingereza si jirani yako: visa ya matembezi kwa mwanafunzi aliye ughaibuni

Simu ya dada ilinikuta kituoni saa moja na nusu asubuhi, nasubiri daladala ya Mtumba. Yeye alikuwa tayari kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa mtaa, Nkuhungu hapa Dodoma, wa tatu kwenye foleni, anasubiri ofisi ifunguliwe apate barua yenye mhuri. Barua ya nini? "Ya mpwa wako. Anataka kwenda Ufaransa wakati wa Pasaka, na wamemwambia athibitishe kwamba ana kwao."

Mpwa wangu yuko Leeds, Uingereza, anasoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Wiki nzima ile kundi letu la familia la WhatsApp lilikuwa limegeuka masjala. Hati ya kiwanja ilishapigwa picha. Ikafuata leseni ya duka la mama yake, cheti cha kuzaliwa, halafu picha ya shemeji kasimama katikati ya mizabibu yake Hombolo, kofia mkononi, kama anayekula kiapo. Kila mtu alikuwa anamhakikishia balozi wa Ufaransa kwamba binti ana mizizi Dodoma na hatatokomea Paris.

Nilimwambia dada arudi nyumbani, barua ile haitasaidia. Hakurudi. Mimi ndiye "mjomba anayejua" kwa kuwa niliwahi kusoma huko, lakini dada hakubali kwamba iko ofisi duniani isiyotishika kwa mhuri wa mtendaji.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lile lile kazini mara mbili, na wazazi wengine wenye watoto huko: mtoto ameshapata visa ya Uingereza, kwa nini aombe nyingine kwenda hapo ng'ambo ya maji tu? Jibu fupi lipo, ila fupi halimsaidii mtu anayejaza fomu usiku wa manane.

Jirani wa nani?

Sisi wa huku tumelelewa na majirani wa aina nyingine. Mtu wa Dodoma akitaka kwenda Nairobi anapanda basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati, anavuka Namanga, anaonyesha pasipoti, anagongewa, anaendelea na safari. Haombi visa kwa sababu Tanzania na Kenya ziko pamoja kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kichwani mwetu neno jirani linakuja na mlango ulioegeshwa.

Lakini mlango ule umeegeshwa kwa ajili ya pasipoti yetu, si kwa ajili ya yeyote anayelala Dodoma. Chukua mwanafunzi wa kigeni pale Chuo Kikuu cha Dodoma, ametoka nje ya Jumuiya, ana kibali chake cha ukaazi, analala hosteli moja na Mtanzania. Wakipanga kwenda Nairobi pamoja, Mtanzania atapita na pasipoti yake tu, wakati mwenzake atapimwa na Kenya kwa pasipoti ya kwao, na masharti yake yanaweza kuwa tofauti kabisa. Kibali cha kuishi Dodoma hakimfanyi kuwa mtu wa Afrika Mashariki.

Mpwa wangu kule Leeds ni yule mwanafunzi wa hosteli. Visa ya Uingereza imemfungulia Uingereza peke yake. Ufaransa itamtazama kama Mtanzania, na Mtanzania anahitaji visa kuingia Ufaransa, awe anatokea Leeds au anatokea Nkuhungu.

Wengi hudhani kikwazo hiki kimeletwa na Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, 31 Januari 2020. Sivyo. Hata ilipokuwa mwanachama, Uingereza haikuwahi kujiunga na eneo la Schengen, yaani nchi zilizokubaliana kufuta ukaguzi wa mipaka baina yao na kutumia visa moja ya muda mfupi. Makubaliano hayo yalitiwa saini 14 Juni 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, na leo eneo hilo lina nchi 29. Wafanyabiashara wetu wa utalii wanaijua hesabu ya namna hii: Kenya, Uganda na Rwanda zina visa ya pamoja ya watalii ya dola 100, na Tanzania haimo. Mtalii mwenye visa hiyo akitaka kuja kwetu, anaomba ya kwetu.

Maombi yanakwenda wapi

Hapa watu hupoteza wiki. Visa ni moja kwa nchi zote 29, lakini maombi hayapelekwi kwa nchi yoyote uipendayo. Sheria yao, Kanuni ya Visa ya Umoja wa Ulaya namba 810 ya mwaka 2009, inasema uombe kwa nchi ambayo ndiyo kituo chako kikuu, yaani utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingilia. Mpwa wangu alipanga usiku nne Paris na usiku tatu Amsterdam, kwa hiyo mwenye neno ni Ufaransa. Angegeuza hesabu, angekwenda kwa Waholanzi.

Kuna ujanja unaosambazwa kwa wanafunzi: tafuta nchi yenye nafasi za miadi, iombe, ukishapata visa nenda unakotaka. Mimi siushauri. Afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza unakwenda wapi na utalala wapi, na visa iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kufutwa pale pale. Shida ya miadi ni ya kweli, hasa kuelekea Pasaka na likizo ya kiangazi, ila dawa yake ni kuwahi. Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, na wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kwenda hadi siku 45. Anayeanza wiki tatu kabla anacheza kamari na nauli yake.

Na maombi yanafanyika Uingereza, anakoishi kihalali, si Dar es Salaam. Shemeji alishaanza kuulizia nauli ya treni ya mwendokasi aende ubalozini Dar "akamsemee". Hakuna wa kusemewa huko. Hata London kwenyewe faili hupokelewa na kampuni ya kati inayokusanya karatasi na alama za vidole, halafu wanaoamua ni ubalozi. Mtu wa dirishani akikwambia faili lako zuri, shukuru, lakini si yeye anayeamua.

Wanachotaka kujua

Kiini cha jambo lote kiko hapa, na ndipo familia yetu ilipokuwa imepotea njia.

Afisa anayesoma faili ana maswali kadhaa, ila lililo zito ni moja: huyu atatoka kabla visa haijaisha? Sisi Dodoma tulisikia "atarudi kwao?" tukakimbilia hati za viwanja. Lakini mpwa wangu akimaliza matembezi harudi Nkuhungu. Anarudi Leeds, Jumatatu ana kipindi. Kanuni zenyewe zinapoorodhesha ushahidi wa nia ya kuondoka, zinazungumzia uhusiano wa mtu na nchi anayoishi: kazi yake, familia, uwezo wake wa fedha. Nchi anayoishi kwa sasa ni Uingereza.

Kwa hiyo faili lake linatakiwa lisimulie habari moja: huyu ni mwanafunzi halali wa Uingereza, yuko katikati ya masomo, ana sababu ya kurudi tarehe fulani, na ana hela ya kujitunza siku hizo chache. Karatasi inayobeba uzito kuliko zote ni barua ya chuo ya siku za karibuni, inayosema amesajiliwa, kozi ilianza lini na itaisha lini, likizo ni tarehe ngapi hadi ngapi. Barua hiyo haina gharama kubwa wala haihitaji mjomba. Inaombwa ofisi ya wanafunzi, na mara nyingi inatumwa kwa barua pepe.

Sisemi mambo ya nyumbani hayana kazi kabisa. Mwenye kozi fupi, au ambaye masomo yake yanakaribia kuisha, atasaidiwa na ushahidi kwamba ana kazi inayomsubiri Dodoma au likizo ya masomo isiyo na mshahara kutoka kwa mwajiri. Lakini ni kitoweo tu, ugali wenyewe ni hali yake ya Uingereza.

Uthibitisho wa hali hiyo umebadilika, na wazazi waliosoma zamani tunaweza kuwapotosha watoto. Zamani zetu tulikuwa na kadi ya ukaazi ya plastiki. Kadi zile ziliandikwa kuisha 31 Desemba 2024 na nafasi yake imechukuliwa na visa ya kidijitali, ambayo ni rekodi iliyo kwenye akaunti ya mtu mtandaoni, imefungwa kwenye namba ya pasipoti yake. Kumwonyesha mtu mwingine, unaingia kwenye akaunti, unatoa msimbo wa muda unaodumu siku 90, na unachapisha ukurasa wenye jina, aina ya visa na tarehe ya mwisho. Ukurasa huo ndio unaoingia kwenye faili. Na mwanafunzi aliyebadilisha pasipoti akiwa huko asisahau kuingiza pasipoti mpya kwenye akaunti ile kabla ya safari. Pasipoti zetu za kielektroniki zilianza kutolewa mwaka 2018 na zinadumu miaka 10, kwa hiyo waliowahi mwanzoni zao zinasogea ukingoni. Mtu aliyefika uwanja wa ndege na pasipoti mpya huku rekodi ikiijua ya zamani anaweza kuachwa na ndege akiwa na haki zake zote.

Miezi mitatu inayovunja mipango

Mpwa wangu hakuanza na Pasaka. Alitaka kwenda Desemba, akishakabidhi tasnifu, kujipongeza. Ni mpango mzuri, na ungegonga ukuta.

Sababu ni hesabu ya nyuma. Balozi za nchi za Schengen zilizoko Uingereza kwa kawaida hutaka visa yako ya Uingereza iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen. Kozi yake inaisha mwishoni mwa Septemba. Kwa kozi ya miezi 12 au zaidi, Uingereza humwongezea mwanafunzi miezi minne baada ya kozi, kwa hiyo yake inaisha mwishoni mwa Januari. Toa miezi mitatu: mwisho wa Oktoba. Baada ya hapo, visa bado anayo, chumba bado amelipia, lakini kwa macho ya ubalozi ni mtu anayekaribia kutokuwa na pa kurudi. Desemba ilishafungwa hata kabla hajaanza kozi.

Wa kozi za miezi sita hadi chini ya 12 huongezewa miezi miwili tu. Wao wapige hesabu siku wanapofika.

Kuna mtego mwingine papo hapo. Wengi wakimaliza huomba visa ya wahitimu, inayowaruhusu kubaki na kufanya kazi. Ombi hilo likiwa halijajibiwa, mtu akatoka Uingereza kwenda kutalii, ombi linahesabiwa kuwa ameliondoa mwenyewe. Halina rufaa wala kubembeleza, na ada imekwenda. Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu: nenda Pasaka, katikati ya masomo, wakati ambapo kila karatasi yako inasema utarudi.

Hela ya zabibu

Stetimenti za benki zinazotakiwa kwa kawaida ni za miezi mitatu ya karibuni. Kiasi kinachotosha hutofautiana kwa nchi. Ufaransa kwa miaka mingi imetumia kipimo cha euro 65 kwa siku kwa mwenye uthibitisho wa hoteli, na euro 120 kwa asiye nao. Anayefikia kwa mwenyeji hupimwa kwa kiwango cha chini zaidi, ila mwenyeji lazima akachukue hati ya ukaribisho kwenye ofisi ya manispaa ya kwake. Ujumbe wa "karibu sana, utalala kwangu" hautoshi.

Kwa siku nane, euro 65 inafika 520. Siku nane, si saba. Mpwa wangu alihesabu usiku saba akaandika siku saba kwenye fomu, na nilimzuia katika dakika za mwisho. Schengen wanahesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, zote nzima nzima, hata kama umeingia saa tano na dakika 50 za usiku. Ukiingia Jumamosi ukatoka Jumamosi inayofuata, umekaa siku nane. Ukipewa visa ya siku saba, Jumamosi ile ya pili umeshapitisha muda.

Sasa hela yenyewe. Shemeji alitaka kumtumia milioni kumi kwa mkupuo ili akaunti "ipendeze". Nia njema, lakini afisa akiona akaunti iliyokuwa na paundi mia mbili Januari na Februari, halafu ghafla Machi imenenepa, anawaza suti ya kuazima ya harusi: itarudishwa kwa mwenyewe Jumatatu. Hela kidogo inayoingia kila mwezi na kutoka kwa mpangilio inasema zaidi. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye mgahawa, ndani ya saa 20 kwa wiki anazoruhusiwa wakati wa muhula, na baba yake humtumia ya kodi ya chumba. Hivyo vilitosha: hati za mshahara, stetimenti yake, na barua fupi ya baba kwamba ndiye anayemtunza, pamoja na stetimenti ya baba.

Stetimenti ya baba ndiyo iliyonipa kazi. Shemeji ni mkulima wa zabibu. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena kuanzia Agosti, kwa hiyo akaunti yake hukaa kavu kama korongo miezi mitano, halafu kiwanda cha mvinyo kinalipa na maji yanajaa siku moja. Kwetu hiyo ni hali ya kawaida ya mkulima. Kwa mtu wa London ambaye hajawahi kusikia kwamba kuna mizabibu Tanzania, ni ile ile hela ya ghafla. Dawa yake si kuficha. Tuliandika aya moja ya maelezo, tukaambatanisha risiti za mauzo za misimu miwili, na kuzungushia kalamu tarehe zinazolingana na zile za benki. Hapo akaunti ikaanza kusomeka kama ya mkulima. Mwenye mifugo anayeuza ng'ombe mnadani, mwenye alizeti Kongwa, anayepokea mgao wa VICOBA mwisho wa mwaka, wote wana hadithi ya namna hiyo, na hakuna atakayeisimulia kama wao hawakuisimulia.

Yaliyobaki ni mepesi. Ada ya visa kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, zaidi ya laki mbili za kwetu, hairudi hata ukinyimwa, na kampuni ya kati ina tozo yake juu. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ihusu nchi zote za Schengen na gharama za kurudishwa nyumbani. Ile ada ya afya aliyolipia mwanafunzi pamoja na visa ya Uingereza haichukui nafasi ya bima hiyo. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na miezi mitatu baada ya kutoka Schengen na kurasa mbili tupu. Tiketi haihitaji kulipiwa kabla ya visa. Buking inatosha, ila iwe ya kweli, maana wapo wanaouza buking za kutengeneza na balozi zina simu za kupiga hotelini. Alama za vidole zikishachukuliwa, kwa kawaida hutumika tena kwa maombi ya miezi 59 ijayo.

Kusoma stika

Visa ilitoka siku ya tisa. Mpwa wangu akatuma picha ya stika kundini, na shangwe zikaanza, mpaka baba yake akauliza mbona imeandikwa hadi katikati ya mwezi, si abaki tu huko wiki mbili?

Stika ina namba mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna tarehe ya kuanzia na tarehe ya mwisho: hilo ni dirisha ambalo visa iko hai. Halafu kuna idadi ya siku za kukaa. Dirisha kwa kawaida huongezwa siku 15 zaidi ya siku ulizoomba, ili ndege ikiahirishwa usihangaike. Yake ilikuwa na dirisha la siku 23 na siku nane za kukaa. Maana yake achague siku zake nane popote ndani ya dirisha, si kwamba akae 23. Ya tatu ni idadi ya kuingia: 1, 2, au MULT, yaani mara nyingi. Mwenye 1 akitoka Paris kurudi London kumsalimia rafiki, halafu akataka kuendelea Amsterdam, visa yake imeshakwisha kazi ingawa tarehe bado.

Wenye MULT za muda mrefu wana hesabu yao ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na visa hizo huja kwa historia. Aliyepata na kutumia vizuri visa tatu ndani ya miaka miwili anastahili kufikiriwa ya mwaka mzima. Mpwa wangu bado yuko kwenye ya kwanza.

Alisafiri kwa treni inayopita chini ya bahari, na alinipigia akiwa amechanganyikiwa: polisi wa Ufaransa wamemkagua London, stesheni ya St Pancras, kabla hajaondoka hata hatua moja. Nilimkumbusha Namanga. Pale kwenye kituo cha pamoja unatoka nchi moja na kuingia nyingine ndani ya jengo moja, na afisa wa upande wa pili anakaa dirisha la jirani. Waingereza na Wafaransa wamekubaliana hivyo hivyo, kwa hiyo siku yake ya kwanza kati ya nane ilianza kuhesabika akiwa bado anaiona London. Siku hizi kuna pia mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka, ulioanza 12 Oktoba 2025 na kuingizwa hatua kwa hatua, unaochukua mahali pa mihuri ya pasipoti. Zamani mtu alipitisha siku akaomba Mungu muhuri usisomeke. Kompyuta inajua kujumlisha.

Basi la Belfast

Jirani wa pili wa Uingereza ananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hana mlango unaoonekana.

Belfast iko Ireland Kaskazini, ambayo ni Uingereza. Mwanafunzi wa Leeds anakwenda huko bila visa nyingine. Dublin iko Jamhuri ya Ireland, nchi nyingine kabisa, mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Kati ya Belfast na Dublin kuna mwendo wa kama saa mbili kwa basi, na barabarani hakuna geti, hakuna kibanda, hata kizuizi cha ushuru wa mazao kama vyetu hakipo. Unagundua umevuka kwa kuona vibao vya mwendo vimehamia kilomita kutoka maili.

Uwazi ule ni wa raia wa nchi hizo mbili, chini ya makubaliano yao ya eneo la pamoja la kusafiri. Mtanzania anahitaji visa ya Ireland, ambayo si ya Schengen wala ya Uingereza, na kwa safari moja ada yake ni euro 60. Upo mpango wa visa moja kutambuliwa na nchi zote mbili, ila ni wa raia wa China na India. Polisi wa Ireland huingia kwenye mabasi mara moja moja na kuuliza hati. Kutoulizwa hakumaanishi ulikuwa halali, na mwanafunzi aliyekamatwa hapo anahatarisha masomo kwa ajili ya wikiendi.

Ukinyimwa

Hutokea, hata kwa faili zuri. Jibu la kukataa huja kwenye fomu ya kawaida yenye sababu zilizowekewa alama: fedha hazikuthibitishwa, sababu ya safari haikueleweka, nia ya kuondoka ina mashaka. Isomeni fomu, msiitupe kwa hasira. Haki ya rufaa ipo, na inaendeshwa kwa sheria ya nchi iliyokataa. Kwa safari ya siku nane, mara nyingi ni busara zaidi kuomba upya ukiwa umeziba lile tundu lililotajwa.

Kisichowezekana ni kujifanya haikutokea. Rekodi hukaa kwenye mfumo wa pamoja wa nchi za Schengen kwa miaka mitano, na fomu za visa za Uingereza huuliza kama umewahi kukataliwa na nchi yoyote. Kukataliwa mara moja si doa la maisha. Kusema uongo juu yake ndiko kunakogeuka kesi.

Mpwa wangu alirudi Leeds Jumamosi jioni, siku ya nane. Alinisimulia pia ilivyokuwa siku ya miadi. Mhudumu wa dirishani alipokea ukurasa wa visa ya kidijitali, barua ya chuo, stetimenti, risiti za zabibu na bima, akapanga kwa mpangilio wake. Barua ya mtendaji, ambayo dada alisisitiza ichapishwe kwa rangi ili mhuri uonekane, aliigeuza mbele na nyuma, akauliza ni lugha gani, akamrudishia: isiyo ya Kifaransa wala Kiingereza iletwe na tafsiri.

Dada ameiweka kabatini. Ameniuliza kama mwakani itatumika tena, na nimemwambia ina tarehe.